Tawi la Mchenza

Chai ya asubuhi ilikuwa bado inatoa mvuke, na mti wa uani ulikuwa umeshanyweshwa mara tatu. Mama Pasi alihesabu kwa masikio. Bomba lilikohoa, maji yakagonga kitako cha kopo la bati, mlio ukapanda kadiri kopo lilivyojaa, kisha zikasikika ndara zikiburuzwa kwenye saruji, shwa, shwa, shwa. Kimya kidogo. Maji yakaangukia udongo. Halafu ndara zikarudi, na mumewe akatokea mlangoni na uso wa mtu aliyekumbuka jambo la maana.

"Dada," alimwambia, "mti huu umeshapata maji leo?"

"Umeshapata, mzee. Mara tatu."

"Nani ameumwagilia?"

"Wewe."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mwenyeji asiyemjua vizuri, akarudi bombani.

Jina la Mama Pasi lilitoka kazini. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya meza ile ile katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka, makoti ya madaktari na mapazia ya wodi, hata ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama kwato. Aliweza kuigusa pasi kujua kama imeshika moto bila kukunja uso. Mumewe naye aliitwa Fundi Kisu. Alikuwa mtumishi wa bustani ya mimea, ile kubwa ya umma yenye geti la chuma na vibao vya majina kwenye kila shina. Kazi yake ilikuwa kubebesha miti. Alichukua jicho la mti mmoja, yaani lile chipukizi dogo linalolala kwenye kwapa la jani, akalipachika kwenye shina la mti mwingine, ukakua mti wenye mizizi ya huyu na matunda ya yule. Wenzake walisema Fundi Kisu angeweza kubebesha hata ufagio, ukazaa.

Mkewe hakuijali bustani hiyo hata kidogo. "Wewe una majani yako, mimi nina mashuka yangu," ndivyo alivyomjibu kila alipoalikwa. Geti lile aliliingia mara mbili tu, mara ya kwanza wakiwa wachumba, na mara ya pili siku mumewe alipostaafu, akapewa saa ya ukutani, soda moja na makofi.

Mti wa uani, huo aliujali, maana ulikuwa na tawi lake.

Walipohamia katika vyumba hivi viwili, ua wote ulikuwa saruji, isipokuwa kipande cha udongo chenye ukubwa wa mkeka kando ya bafu. Fundi Kisu alipanda hapo mlimau mkali, wenye miiba, ambao matunda yake hayaliki ila mizizi yake ni ya kiume. Ulipofikia unene wa penseli akaubebesha jicho la mchungwa, akasema hilo ni lake yeye. Binti yao alipozaliwa, mtoto wa kulia usiku kucha na kununa mchana kutwa, baba mtu akacheka, akaongeza tawi la mdimu.

"Na mimi je?" Mama Pasi alinuna. "Au mimi ni wa kuokota majani?"

"Wewe nasubiri nipate jicho linalokustahili, Bibie."

Alisubiri miezi minane. Siku moja akarudi kazini na kijiti kilichoviringishwa kwenye gazeti lililolowa. Kilitoka kwenye mchenza mmoja wa kule bustanini, wa matunda madogo, matamu kiasi kwamba nyuki waliyasubiri yapasuke. Likawa tawi la tatu, upande wa dirisha la jikoni. Tangu hapo, kila msimu, chenza la kwanza Fundi Kisu alilimenya mwenyewe, akaleta vipande kwenye kisosi, vimepangwa duara. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Kisosi ndicho kilichosema.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Kwanza alipotea njia ya dukani, wakacheka. Akasahau siku, akasahau majina ya miti, akasahau kwamba amestaafu, akawa anavaa sare yake na kuuliza basi limechelewa nini. Mwisho neno Bibie likatoweka kinywani mwake, likaja Dada. Siku nyingine ilikuwa mbaya zaidi, akamdhania mwenye nyumba wao. "Mama mwenye nyumba, samahani, natumia bomba lako kidogo tu," alimwambia huku ameinamisha kichwa, na Mama Pasi akamjibu, "Tumia, baba, maji ni ya wote," kisha akaenda chumbani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Alichobakiwa nacho mzee ni ule mti. Akishika kopo, mgongo wake ulinyooka. Akisimama chini ya matawi, macho yake yalitambaa jani kwa jani, akang'oa kiwavi, akafuta vumbi kwa kidole gumba. Kwa dakika hizo tano hakuwa mgonjwa. Kisha angegeuka, angepiga hatua nane hadi mlangoni, na njiani kumbukumbu yote ingemwagika. Mtu wa bustani anajua kwamba asubuhi mti hupewa maji. Na kwake yeye, kila alipofika mlangoni, ilikuwa asubuhi tena.

Siku moja Mama Pasi aliamua kuhesabu. Kwa kila kopo moja, alibana kibanio kimoja kwenye kamba ya nguo. Kufikia saa kumi alasiri vibanio vyote ishirini na nane vilikuwa vimekwisha.

Na majani yakaanza kuwa manjano.

*

Kwenye geti la bustani kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: Darasa la Jumamosi, jifunze kutunza mimea, wote mnakaribishwa. Mama Pasi alimwacha mzee na binti yao, akavaa gauni lake la kwenda mbali, akaenda. Njia nzima alijiuliza atasema nini. Aibu ilioje, mke wa Fundi Kisu, miaka thelathini na nne ndani ya ndoa, kwenda kuuliza mti humwagiliwaje.

Darasa lenyewe lilikuwa kibanda cha kitalu, chenye meza ndefu na mabenchi. Wanafunzi walikuwa saba. Mmoja wao, mzee mnene aliyestaafu udereva wa malori, aliyajua yote tayari kwa njia ya magari. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya mpira, na udongo umemkauka hadi viwikoni. Alipomwona Mama Pasi, akaacha alichokuwa anafanya.

"Shikamoo, Mama. Wewe si mke wa Fundi Kisu?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ndiye Binti Glovu. Hakukuhadithia? Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na glovu nyeupe. Akaniuliza nimekuja kupanda miche au kupasua wagonjwa. Jina likanata hadi leo."

Siku hiyo Binti Glovu alichukua miche miwili iliyolingana, akaing'oa kwenye mifuko yake na kuilaza mezani. Mizizi ya mmoja ilikuwa myeupe, imesambaa kama nyuzi za shuka jipya. Ya mwingine ilikuwa kahawia, na ukiivuta ngozi yake ilibaki mkononi.

"Huu ulipata maji ya kutosha. Huu ulipata maji kila mtu alipopita," alisema. "Mizizi inapumua. Kwenye udongo kuna vijinafasi vya hewa. Ukivijaza maji kutwa kucha, mzizi unakosa pumzi, unaoza."

"Inapumua?" Mama Pasi alishindwa kujizuia. "Huko chini?"

"Huko huko chini, Mama."

"Ni kama injini iliyoingia maji," akasema Dereva.

"Ni kama wewe, baba, ukitumbukizwa kichwa kwenye ndoo."

Watu wakacheka. Mama Pasi aliinama akanusa ile mizizi ya kahawia, na harufu ikamrudisha kazini. Ilikuwa harufu ya mashuka mabichi yaliyosahauliwa kwenye kapu tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Alikuwa akiisikia uani mwake kwa wiki tatu, akidhani ni bafu.

Darasa lilipokwisha alibaki nyuma, akijifanya anafunga viatu.

"Mwalimu," alimwita hivyo ingawa angeweza kumzaa, "mtu akimwagilia mti mara ishirini na nane kwa siku?"

"Mtu gani huyo asiye na kazi?"

"Mume wangu."

Binti Glovu aliurudisha mezani mche aliokuwa ameushika. Habari za ugonjwa alizisikia juujuu, kwamba mzee hajisikii vizuri. Hakujua ni kwa kiasi hiki.

"Lakini yeye ndiye aliyetufukuza kitaluni kwa kumwagilia mara mbili," alisema polepole. "Alituambia mti hauna mdomo wa kusema nimeshiba."

*

Dereva, aliyekuwa akitega sikio mlangoni, ndiye aliyetoa ushauri wa kwanza. Toboa kopo, Mama, alisema. Tundu dogo tu chini. Kutoka bombani hadi mtini maji yatakuwa yamebaki nusu, naye atafurahi vilevile.

Mama Pasi alitoboa kwa msumari. Kesho yake, mzee alipoona michirizi kwenye saruji, alikaa kwenye kigoda, akaligeuza kopo huku na huku, akaomba utepe wa nailoni. Alilifunga kopo pale kwenye tundu kwa mizunguko iliyobana, inayopandana, kila mmoja ukifunika nusu ya mwenzake, kama alivyofunga majicho ya miti maisha yake yote. Tundu halikutoa hata tone. Jioni ile alikuwa na furaha sana, akala sahani mbili.

Binti yao hakuona cha kufurahisha. Alikuwa amerithi ukali wa tawi lake.

"Mama, mnyang'anye. Mtoto akichezea wembe humwachii eti anafurahi."

"Baba yako si mtoto."

"Basi ule mti utakufa, tuone utamwambia nini."

Wakalificha kopo juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Asubuhi Fundi Kisu alikwenda bombani mikono mitupu, akasimama. Akatazama chini ya sinki. Akatazama nyuma ya mlango wa bafu. Akafungua droo za jikoni moja moja, akatoa vijiko vyote, akainua godoro. Kufikia adhuhuri alirudi bombani. Alijaribu kubeba maji kwa viganja, yakavuja kabla hajafika. Akajaribu tena, na tena. Mwishowe akaketi sakafuni kando ya bomba, viganja vimelowa, akamtazama mkewe.

"Mama mwenye nyumba," alisema, "wamenifukuza kazi?"

Siku hiyo hakula. Siku ya pili hakula, hakusema, hakutaka kuvaa. Aligeukia ukuta. Siku ya tatu asubuhi Mama Pasi alipanda juu ya kiti, akashusha kopo, akampelekea kitandani kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Mzee aliamka, akanyoosha mgongo, akaenda bombani.

Jumamosi iliyofuata Binti Glovu alikuja mwenyewe baada ya darasa, akiwa amevua viatu vya mpira na kuvaa vya heshima. Alimsalimia mwalimu wake wa zamani, naye akamjibu vizuri, akamuuliza kama amekuja kusoma mita ya umeme. Binti Glovu akasema ndiyo, baba, mita tu. Akachutama chini ya mti. Shinani, sentimita chache juu ya udongo, utomvu wa rangi ya asali ulikuwa ukitoka kama machozi yaliyoganda. Alikwangua gome kwa ukucha. Ndani palipaswa kuwa kijani. Palikuwa kahawia. Akazunguka, akakwangua upande wa pili, na wa tatu.

Walikwenda kuongea jikoni.

"Mizizi imeondoka, Mama. La kuvunda halina ubani."

"Tukichimba mfereji? Maji yapite?"

"Kama angeacha leo kumwagilia, labda. Labda mchungwa tungeuokoa. Maji yakatwe kabisa, wiki sita, udongo ukauke, nikate mizizi iliyooza. Lakini aache kabisa. Hata kopo moja lisiguse."

Nje, bomba lilikohoa.

Binti yake alikuwa ameegemea mlango. Safari hii sauti yake haikuwa na ukali. "Mama, mti ndio unaomfanya awe Baba. Ukifa, atashika nini?"

Mama Pasi alifuta meza iliyokuwa safi. Alilitazama tawi lake dirishani, na machenza matano ya kijani yaliyokuwa yameanza kunyauka kabla ya kukomaa.

"Mti ukifa hatajua," alisema. "Akinyimwa kopo atajua."

Kisha akamgeukia Binti Glovu.

"Mwalimu, tawi la mchenza bado lina uhai?"

"Kwa juu, bado. Kwa mwezi mmoja hivi."

"Basi nifundishe kubebesha."

*

Wiki hizo nne Mama Pasi aliijua bustani kuliko alivyoijua kwa miaka thelathini na nne. Alipita getini Jumamosi na Jumanne, tena Alhamisi. Alijifunza kwamba gome hufunguka vizuri wakati mti umejaa maji ya uhai, na hugoma wakati wa kiu. Alijifunza kuchagua kijiti cha mviringo, si kile chenye kona. Aligundua kwamba shina la mlimau likikatwa hutoa harufu kali inayokaa kwenye nywele, na ghafla akaelewa ile harufu ya mashati aliyoyafua ujana wake wote akidhani ni jasho.

Kisu kilikuwa cha mumewe. Binti Glovu alikitoa kwenye droo, mpini wake wa mbao umelika upande mmoja, umeacha umbo la kidole gumba.

"Alinipa siku anastaafu. Lakini kwa sasa ni chako."

Jicho la kwanza alilikata kwa kina mno, likatoka na kipande cha mti. La pili akalichana. La tatu alilipachika likakaa, akalifunga kwa utepe akajisifu, na Dereva akapita akachungulia.

"Mama, huyu umemlaza kichwa chini. Akichipua atatokea uvunguni."

"Wewe nyamaza, lori lako lenyewe liliishia mtaroni."

"Liliishia mtaroni likiwa limesimama kwa magurudumu yake," akasema Dereva kwa heshima.

Shida kubwa ilikuwa vidole. Gome la mche ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, na fundi hulisikia kwa ncha ya kidole, linapoachia. Ncha za Mama Pasi zilikuwa zimekufa zamani, zimebaki kwenye pasi ya hospitali. Hakusikia kitu. Majicho kumi na moja yalikauka, moja baada ya jingine. Nyumbani tawi lake lilidondosha majani. Kila jioni alisimama dirishani akihesabu yaliyobaki, na kila jioni hesabu ilikuwa fupi zaidi.

"Labda mkono wangu haukuumbwa kwa kazi hii," alimwambia Binti Glovu.

"Koti la daktari, kwenye kola, ulikuwa unajuaje kama limenyooka?"

Mama Pasi alifikiri. "Kwa kiganja. Hapa, chini ya kidole kidogo. Hapa hapajaungua."

"Basi tumia hapo."

Akageuza mkono, akalaza shina kwenye upande ule wa kiganja wenye ngozi laini, akaingiza ncha ya kisu. Akalisikia gome likiachia, kidogo tu, kama kitambaa kinachobanduka kwenye meza. Jicho la kumi na mbili lilibaki kijani. La kumi na tatu nalo. Lakini hayo yalikuwa ya kujifunzia, ya michungwa ya kitalu. Siku alipokuwa tayari, tawi la mchenza lilikuwa limebaki na vijiti viwili tu vyenye rangi ya kijani, na kijiti kimoja kilikuwa na jicho moja zima, kingine hakikuwa na hata moja la kufaa.

Aliomba mche wa mlimau kwenye mfuko, akaubeba mapajani hadi nyumbani.

*

Alikaa uani kwenye kigoda, asubuhi, jua likiwa bado upande wa bafu. Mche ulikuwa katikati ya magoti yake, kijiti kwenye kitambaa chenye unyevu, kisu mkononi. Mti mkubwa ulisimama nyuma yake, mchungwa na mdimu imebaki mifupa. Mzee alitoka bombani na kopo lake la saba. Alipita, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Dada, unafanya nini?"

"Nabebesha mchenza, mzee."

Akaliweka kopo chini, limejaa. Kwa miezi mingi Mama Pasi hakuwahi kumwona akiliweka chini likiwa na maji.

"Nani amekufundisha kushika kisu hivyo?"

"Binti mmoja wa bustani."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

Kisu kilisimama hewani. "Na mume wangu."

Fundi Kisu alitikisa kichwa taratibu, akilipima jibu hilo. "Huyo mume wako anajua kazi. Ila kidole gumba umekitanguliza mbele ya kisu. Utajikata, halafu utamsingizia yeye. Lete hapa."

Alichutama mbele yake, magoti yakalia. Alipokipokea kisu, kidole gumba chake kiliingia kwenye lile umbo la mpini kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake cha kila siku. Hakukitazama hata. Ng'ombe hazeeki maini, na mikono ile ilikuwa haijasahau chochote. Alikata mkato wa kulala, akakata wa kusimama, akalifungua gome kama mtu anayefungua bahasha ya barua aliyoingoja. Akalitoa jicho kwa mvuto mmoja. Akalitelezesha ndani, kichwa juu. Akanyoosha mkono bila kusema, na Mama Pasi akaweka utepe kwenye kiganja chake. Mizunguko ilibana, ikapandana, kila mmoja ukifunika nusu ya mwenzake.

"Siku ishirini na moja," alisema. "Usifungue kabla, hata ukitamani. Na maji kidogo, Dada. Watu wengi huua mti kwa huruma."

"Nimesikia, fundi."

"Mume wako yuko wapi?"

Mama Pasi alitazama zile ndara, zilizolowa, zilizokanyagika upande wa nje. "Yupo. Ametoka kidogo."

"Akirudi mpe salamu. Mwambie watu wa bustani wanamsalimu."

"Zitafika."

Akasimama kwa kushikilia bega lake. Mkono ulikaa pale begani kitambo, pengine kwa sababu magoti yalikuwa na maumivu. Kisha akaokota kopo lake, akaenda, akaumwagilia ule mti uliokwisha kufa, polepole, akizunguka shina lote ili pasibaki pakavu.

*

Siku ya kumi na saba chai ilitoa mvuke, na bomba halikukohoa. Mama Pasi alikaa na kikombe akisubiri. Alisubiri hadi chai ikapoa, maana mtu asiyeinuka kwenda kutazama bado hajajua. Kisha akaenda. Fundi Kisu alikuwa amelala ubavu, mkono umekunjika kidogo, vidole vimeshika kitu kisichokuwepo.

Watu wa bustani walikuja wengi. Dereva alilia kuliko wote, ingawa hakuwahi kuonana na marehemu hata siku moja. Binti Glovu alisimama uani kwa muda mrefu akiutazama mche mdogo uliokuwa kwenye kivuli cha bafu, hakuugusa.

Siku ya ishirini na moja waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, viti vya kuazima vimerudishwa. Mama Pasi alikaa kwenye kigoda, akaufungua utepe mzunguko kwa mzunguko, kwa ule upande wa kiganja usioungua. Jicho lilikuwa kijani. Limevimba kidogo kwenye ncha, kama linataka kusema.

Binti yake alichutama karibu. "Limeshika, Mama?"

"Limeshika."

"Niumwagilie?"

"Huu umeshapata maji. Mpaka kesho kutwa."

Alikaa akiutazama. Baadaye akainuka, akaenda mlangoni, akavaa zile ndara zilizokuwa kubwa kwake. Akachukua kopo lenye utepe wa nailoni, akafungua bomba. Maji yaligonga kitako cha bati, mlio ukapanda. Akaburuza miguu hadi kwenye ule mti mkubwa usio na jani hata moja, akamwaga, akizunguka shina lote.

"Mama," binti yake alisema nyuma yake kwa upole, "huo umekufa."

"Najua," Mama Pasi alisema, akarudi bombani.